Kusajili majengo ya kale ya Mombasa kwenye ramani ya kidijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wanaoingia vichochoroni mwa Mji wa Kale wakiwa na simu na fomu mkononi: wanafunzi wa usanifu na upimaji, vijana wa mitaa wanaojitolea, wenye nyumba, na maafisa wanaopokea data hiyo mezani. Mengi yanafaa pia kwa Kizingo, Treasury Square na Marikiti.

Kwani pini kwenye ramani ya simu haitoshi?

Haitoshi. Pini husema kwamba kuna kitu mahali fulani, lakini haisemi kitu hicho kinaanzia wapi na kuishia wapi. Kibokoni au Ndia Kuu, nyumba mbili huweza kutumia ukuta mmoja, na paa zao zikaonekana kama bati moja refu. Siku mtu anapoomba kibali cha kubomoa au kuongeza ghorofa, afisa huuliza ni kiwanja gani, ni jengo gani ndani ya kiwanja hicho, na linalindwa na tangazo gani la serikali. Pini haijibu hata swali moja kati ya hayo.

Rekodi yenye manufaa hufunga pamoja vitu vinne: umbo la jengo lilivyo ardhini, namba ya kiwanja, hadhi yake kisheria, na hali yake katika tarehe inayojulikana. Kimoja kikikosekana, vingine vitatu hupoteza nguvu. Rekodi nyingi tunazozikuta zina picha nzuri na maelezo marefu ya historia, ila hazina namba ya kiwanja, kwa hiyo hakuna anayeweza kuzitumia inapotokea kesi.

Je, kila nyumba ya Mji wa Kale imehifadhiwa kisheria?

Hapa ndipo watu huchanganya zaidi. Kuna ngazi kadhaa, na kila ngazi inahitaji nafasi yake kwenye fomu.

Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, iko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2011. Eneo lililoorodheshwa ni hekta 2.36, nalo limezungukwa na ukanda wa kinga wa hekta 31. Nyumba iliyo ndani ya ukanda huo haigeuki kuwa Urithi wa Dunia kwa sababu ya kukaa hapo. Kazi ya ukanda ni kuikinga ngome. Kisha kuna eneo la hifadhi la Mji wa Kale lenyewe, lililotangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuna majengo yaliyotangazwa moja moja katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwisho kuna majengo yenye thamani kubwa ambayo hayana tangazo lolote la kwake.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006. Tangazo la nia hutolewa kwanza, watu wakapewa muda wa kuleta pingamizi, ndipo lithibitishwe au liondolewe. Kwa sababu hiyo andika namba na tarehe ya kila tangazo, pamoja na kueleza kama ni la nia au la kuthibitisha. Usiandike tu "limehifadhiwa: ndiyo". Neno hilo moja likiandikwa kwa nyumba ambayo haijatangazwa, wakili wa upande wa pili ataanza nalo, na rekodi zako zote za mtaa ule zitatiliwa shaka.

Thamani ya jengo ijazwe peke yake, mbali na hadhi ya kisheria.

Tangazo lenyewe nalipata wapi?

Matoleo ya Gazeti Rasmi yanapatikana kwenye tovuti ya Kenya Law. Tafuta kwa jina la jengo, kwa jina la mtaa, na kwa namba ya kiwanja, kwa sababu tahajia hutofautiana. Ukilipata, hifadhi ukurasa mzima kama faili, usinakili sentensi mbili tu. Jedwali la tangazo ndilo linaloeleza mipaka, na mara nyingine mipaka hiyo ni ya kiwanja kizima wakati wewe umechora jengo tu. Hayo ni maumbo mawili tofauti na yote yaingie kwenye hifadhidata.

Natakiwa niwe na vifaa gani?

Simu yenye programu ya fomu inayofanya kazi bila intaneti (KoboToolbox inatosha), utepe wa kupimia wa mita 30 au kipimo cha leza, fimbo ya mita 1 iliyopakwa rangi mbili kila sentimita 10, kalamu ya risasi, na ramani iliyochapishwa kwenye karatasi ya A3 kwa skeli ya 1:500. Kwa skeli hiyo milimita moja ni nusu mita, na karatasi moja hubeba eneo la takriban mita 210 kwa 148. Karatasi usiidharau. Jua la saa sita linapopiga kioo cha simu huoni kitu, na mzee aliyekaa barazani atakuonyesha mpaka wa nyumba yake kwenye karatasi haraka kuliko kwenye simu.

Mbona GPS ya simu inaniweka nyumba ya jirani?

Uwanjani, penye anga wazi, simu nzuri hukosea kwa mita 3 hadi 5. Ukiingia uchochoro wenye upana wa mita 3 uliobanwa na kuta za ghorofa mbili, mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kabla ya kukufikia, na simu huhesabu umbali mrefu kuliko ulivyo. Kosa linaweza kufika mita 10 au 20. Uso wa nyumba ukiwa na upana wa mita 6, umeshapita nyumba mbili au tatu.

Kusimama dakika kumi ili simu ipate wastani hakusaidii sana, kwa maana kosa hilo huvutia upande mmoja na halijifuti. Hata kipokezi cha gharama kubwa, kinachotoa usahihi wa sentimita pale gatini kwenye Bandari ya Kale, huchanganyikiwa ndani ya vichochoro.

Njia inayofanya kazi ni hii. GPS itumie kupata pembe chache za majengo zilizo mahali wazi: mbele ya Fort Jesus, kwenye gati, kwenye njia panda pana, au juu ya sakafu ya paa ukiruhusiwa kupanda. Kutoka pembe mbili kati ya hizo zinazojulikana, pima kwa utepe hadi pembe ya nyumba unayoitaka. Mahali umbali huo miwili unapokutana ndipo pembe ilipo. Pima umbali wa tatu kutoka pembe nyingine ili ujikague. Ukitofautiana kwa zaidi ya sentimita 20, rudia, maana aghalabu utepe umelegea au umepinda kwenye baraza.

Basi si nichore tu juu ya picha ya setilaiti?

Anzia hapo, ila usiishie hapo. Picha hizo hupigwa kwa mwinamo. Jengo la urefu wa mita 12 likipigwa kwa mwinamo wa digrii 20, paa lake husogea zaidi ya mita 4 kutoka kwenye msingi. Ukifuata ukingo wa paa, nyumba yako itakuwa imekalia barabara. Fuata mguu wa ukuta pale unapoonekana. Usipoonekana, chora paa kisha lisogeze umbo lote hadi likae kwenye pembe ulizopima.

Tatizo la pili ni lile la paa zilizoungana. Picha haionyeshi ukuta wa kati. Tembea mtaa ukihesabu milango, pima upana wa uso wa kila nyumba, kisha gawanya umbo kubwa kwa vipimo hivyo. Kwenye QGIS (programu ya bure ya kuchora ramani), nyumba zinazotumia ukuta mmoja zitumie nukta zilezile za pembe. Ukimaliza, endesha ukaguzi wa maumbo kutafuta yanayolaliana na mapengo kati yao. Upenyo wa sentimita 30 kati ya nyumba mbili zilizoshikana ni alama kwamba mmoja alichora kwa kukisia.

Ramani ya zamani ya upimaji imekaa pembeni kabisa na picha. Nini kimeharibika?

Huenda hakuna kilichoharibika. Ramani nyingi za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa kuainisha mahali uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia mwingine, WGS 84. Ukiweka namba za mfumo mmoja kana kwamba ni za mwingine, kila kitu kinahama kwa takriban mita 300, zaidi upande wa kaskazini au kusini. Ukiona mhamo wa kiasi hicho, na wa upande mmoja ramani nzima, usianze kuburuta maumbo kwa mkono. Badili mfumo kwenye programu kwa namba yake ya EPSG (orodha ya mifumo ya ramani): Arc 1960 kanda ya UTM ya 37 Kusini ina namba 21037, na WGS 84 kanda hiyohiyo ni 32737.

Baadhi ya ramani za viwanja ni za zamani zaidi na ziko kwa futi kwenye mfumo wa Cassini. Hizo zilinganishe na pembe nne au zaidi za majengo ambayo hayajabadilika, zilizotawanyika pande zote za karatasi. Kuta za Fort Jesus ni msaada mkubwa hapa.

Kipimo cha haraka cha kujua kama uko sawa: Mji wa Kale uko kwenye latitudo ya karibu -4.06 na longitudo ya 39.68. Kwa mita za kanda ya 37 Kusini, tarajia takriban 575,000 mashariki na 9,551,000 kaskazini.

Nyumba zangu zimetokea Hispania!

Umebadilisha nafasi ya latitudo na longitudo. Faili za ramani za aina ya GeoJSON huanza na longitudo, ilhali simu nyingi huonyesha latitudo kwanza. Zikitokea Ethiopia, umesahau alama ya kutoa kwenye latitudo. Na kama nyumba zote zimepangana kwenye mistari iliyonyooka kama askari wa gwaride, programu ya jedwali imekata desimali. Desimali tano hukupa usahihi wa mita 1 hivi, nne hukupa mita 11, na tatu hukupa mita 111, ambayo ni mtaa mwingine kabisa.

Picha za uso wa nyumba nipige vipi kwenye uchochoro mwembamba?

Huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo usijaribu kuingiza nyumba nzima kwenye picha moja kwa kuinua simu juu. Kuta zitaonekana zinaanguka na huwezi kupima chochote. Tembea sambamba na ukuta, simu ukiishika wima na uso wake ukiuelekea ukuta moja kwa moja. Katika uchochoro wa mita 3, piga picha kila nusu mita ili kila picha irudie sehemu kubwa ya iliyotangulia. Rudi ukipiga safu ya pili kwa kuinamisha simu juu kidogo. Isimamishe ile fimbo ya mita 1 kwenye ukuta mwanzoni na mwishoni. Programu ya kuunganisha picha ikishindwa, sababu huwa ni ukuta mweupe usio na alama, nguo zilizoanikwa zikipeperuka, au jua kukatiza uso nusu kwa nusu. Nyuso zinazotazama bahari zipige mchana jua likishavuka upande wa pili, au siku yenye wingu.

Ongeza picha za karibu za mlango, roshani, madirisha na ncha za boriti. Usizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwani hubanwa na kupoteza tarehe na mahali. Zitume kama hati, au zihamishe kwa waya.

Hali ya jengo niielezeje?

Kwa namna ambayo mtu mwingine, baada ya miaka mitano, ataweza kusimama palepale na kusema kama mambo yamezidi au yametulia. "Roshani imeharibika" haimsaidii. Linganisha na hili: "Roshani ya ghorofa ya kwanza upande wa barabara, mikono ya mbao 5, wa pili kutoka kushoto umeoza unapoingia ukutani, kisu kinazama sm 4, juu yake kuna kiraka cha saruji chenye ufa unaopitisha maji, vipande 3 vya nakshi ya ukingo havipo." Fundi anaweza kukadiria gharama kwa maelezo hayo bila kutoka ofisini, na afisa anajua kama wapita njia wako hatarini.

Nyumba za kale hapa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa hupumua: unyevu na chumvi ya bahari hutoka kupitia kwake. Ukuta ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hukauka nyuma ya plasta na kuganda, na uso wa jiwe hubomoka unga unga. Ndiyo maana fomu ina swali la plasta, na ndiyo maana jibu lake liwe la kila ukuta. Ukigonga kwa kifundo cha kidole na kusikia sauti ya uwazi, andika eneo hilo kwa mita za mraba. Ncha za boriti nazo huoza ndani ya ukuta kabla ya dalili yoyote kuonekana chumbani, hivyo tazama dari kama imeinama karibu na ukuta na kama kuna rangi ya kahawia iliyoshuka.

Kupima ni rahisi zaidi wakati wa kaskazi, Januari na Februari, ukuta ukiwa mkavu. Kuvuja kwa paa kukague mara baada ya masika.

Umri wa jengo niandike mwaka gani?

Andika mwaka wa mapema unaowezekana, mwaka wa mwisho unaowezekana, na ushahidi uliotumia. Usilazimishe mwaka mmoja. Mlango wa nakshi wenye tarehe si cheti cha kuzaliwa cha nyumba, kwa kuwa milango huuzwa, huhamishwa na hupachikwa kwenye nyumba mpya. Tarehe ikiwa ya Hijria, iandike kama ilivyo kisha uibadilishe: 1315 huangukia kati ya 1897 na 1898. Na pale mwaka unapotokana na masimulizi au mapokeo, kama ule wa 1570 unaotajwa kwa Msikiti wa Mandhry, useme hivyo kwenye sehemu ya ushahidi. Tena kumbuka kutenganisha mwaka wa kuanzishwa msikiti na umri wa kuta zinazosimama leo.

Majina?

Yote. Sir Mbarak Hinawy Road iliitwa Vasco da Gama Street, na hati za zamani zinatumia jina hilo. Soko la Mackinnon hakuna anayeliita ila Marikiti. Ndia Kuu utaikuta pia imeandikwa Njia Kuu. Jina moja liwe kuu, mengine yawe chini yake kila moja na kipindi chake, vinginevyo utasajili jengo moja mara tatu.

Mwenye nyumba akikataa?

Umbo la jengo na picha ya uso unaoonekana barabarani vinatosha kuanzisha rekodi. Ndani usiingie wala usipige picha bila ruhusa ya wazi, na ruhusa hiyo iandikwe: nani ametoa, kwa matumizi gani, tarehe gani. Timu iwe na mwanamke, maana mara nyingi aliye nyumbani mchana ni bibi wa nyumba, na heshima inataka asiitikie hodi ya wanaume watupu. Ijumaa mchana iacheni. Msikitini, ongea kwanza na kamati.

Wengi wanaokataa wanahofia kwamba nyumba ikisajiliwa itachukuliwa. Waeleze ukweli wote: kusajiliwa kwenye ramani hakubadili umiliki, ila jengo lililotangazwa kisheria haliwezi kubadilishwa bila idhini, na hilo ni jukumu kwa mwenyewe. Kumficha nusu ya habari ni kumdhulumu.

Umiliki wenyewe una mafundo. Kuna nyumba za wakfu, kuna za warithi kumi na zaidi, na kuna nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Kwa hiyo weka nafasi tatu tofauti: ardhi, jengo na wakaaji. Majina na namba za simu za watu zisionekane kwenye ramani ya umma kamwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu kazi hii pia. Mahali halisi pa mlango wa thamani ambao haulindwi usipatangaze, kwa sababu wezi nao husoma ramani.

Data iwekwe kwenye mfumo gani?

Kwa taasisi, Arches ni chaguo imara. Ulianzishwa na Getty Conservation Institute na World Monuments Fund mahususi kwa orodha za turathi, ni wa bure, na ndio unaotumiwa na mradi wa MAEASaM unaosajili maeneo ya kale ya Afrika, Kenya ikiwemo. Unahitaji seva na mtu wa kuitunza, na wengi hukwama hapo: mfumo huwekwa kwa fedha za mradi, mradi ukaisha, na seva ikazimwa. Kikundi kidogo kitafika mbali na QGIS na faili moja ya GeoPackage (aina ya faili inayobeba ramani na majedwali pamoja), mradi kila jengo lina namba ya kudumu isiyobadilika.

Umbo la jengo linaweza kwenda OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, na hadhi yake ya kisheria Wikidata, hifadhidata huria, kwenye sifa ya P1435. Usinakili chochote kutoka Google Maps kwenda huko. Leseni haziruhusu, na kazi yako itafutwa.

Droni?

Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na Mombasa ni mji wenye uwanja wa ndege na kambi ya jeshi la wanamaji. Pia inachungulia nyua za ndani za watu. Kwa paa nyingi, ngazi na ruhusa ya jirani vinatosha.

Faili zihifadhiwe vipi?

Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe nje ya jengo. Unyevu na chumvi ya pwani huua diski haraka, kwa hiyo zifungue na kuzikagua kila baada ya miezi sita. Picha za asili zisihaririwe, hariri nakala. Jina la faili liwe na namba ya jengo, tarehe na upande wa uso.

Jengo limebomolewa. Nifute rekodi?

Usifute. Badilisha hali iwe "limebomolewa", andika tarehe ya mwisho lilipoonekana likisimama na tarehe ya kwanza lilipokutwa halipo, kisha piga picha ya kiwanja. Umbo la zamani libaki kwenye tabaka lake, na jengo jipya lipewe namba mpya. Vipimo vya uso, idadi ya mikono ya roshani na picha za nakshi ndivyo atakavyovitaka fundi wa jirani akikarabati nyumba ya aina hiyohiyo, na tangazo la serikali linabaki na nguvu yake juu ya kiwanja mpaka liondolewe rasmi. Ipelekee ofisi ya Makumbusho ya Taifa na idara ya mipango ya kaunti rekodi hiyo siku hiyohiyo, ikiwa na namba ya kiwanja na namba ya tangazo juu ya ukurasa.